Mshipa uliotuna nyuma ya goti: kungoja, kupasuliwa au kuwekewa stenti?

Weka vidole vya mikono miwili nyuma ya goti, mguu ukiwa umekunjwa kidogo, kisha tulia. Kwa watu wengi hutasikia kitu, au utasikia mdundo hafifu baada ya kubonyeza sana. Nilipomshika shemeji yangu goti la kushoto, jioni moja ya Ramadhani nyumbani kwake Arua, mkoa wa West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, mdundo ulinijia wenyewe: mpana, wenye nguvu, kana kwamba chura amejificha chini ya ngozi na anapumua.

Alikuwa amezunguka miezi saba. Kliniki ya kwanza ilimchoma sindano za diklofenaki, eti ni baridi yabisi. Ya pili ilisema ni maji ya goti na ikampa siku ya kuja kuvutwa kwa sindano. Bahati yake, siku hiyo daktari hakufika. Hakuna hata mmoja aliyeweka mkono nyuma ya goti.

Mimi ni muuguzi mstaafu wa thieta, chumba cha upasuaji. Miaka mingi nimewashikia wapasuaji mikasi na koleo, sijawahi kuwa mpasuaji. Naandika kwa sababu tangu shemeji atibiwe, madereva wenzake wa lori hunipigia simu wakiuliza jambo moja: "Mzee, ipi bora, kukatwa au kuwekewa stenti?" Wakisema kukatwa wanamaanisha kupasuliwa; stenti ni mrija mdogo unaowekwa ndani ya mshipa. Swali ni zuri ila linakuja mapema mno, na jibu lake hutegemea zaidi mguu wenyewe na mahali unapoishi kuliko ukubwa wa uvimbe.

Ni uvimbe gani huo?

Ateri ndiyo mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, vena huirudisha. Aneurizimu ni sehemu ya ateri iliyotuna hadi kufikia mara moja na nusu ya upana wake wa kawaida, au zaidi. Ateri ya nyuma ya goti kwa mwanaume mzima huwa na upana wa karibu sentimita 1 au pungufu kidogo. Kati ya aneurizimu za miguuni, zaidi ya theluthi mbili hukaa hapo. Za kinena hufuata kwa mbali. Wagonjwa karibu wote ni wanaume, wengi wao wamepita miaka 60, na mara nyingi kuna sigara au shinikizo la damu katika habari zao. Sisi wa West Nile tulisomeshwa kwa fedha za tumbaku, na waliokuwa wakiilima waliivuta pia. Sishangai.

Kuna mambo mawili ambayo mgonjwa mwenyewe anapaswa kuyakumbuka, maana daktari mwenye foleni ndefu anaweza kuyasahau. Karibu nusu ya wenye uvimbe huu katika goti moja wanao katika la pili. Na theluthi moja hadi nusu wana mwingine tumboni, kwenye ateri kuu. Ule wa tumboni ndio unaopasuka na kuua mtu chooni au shambani kabla hata gari halijatafutwa.

Wa gotini hupasuka mara chache. Ubaya wake ni mwingine. Damu ikiingia kwenye mfuko mpana huzubaa pembeni, kama maji ya mto yanavyozubaa kwenye ghuba, ikaganda tabaka juu ya tabaka. Vipande hukatika vikateremka na kuiziba mishipa ya chini ya goti, mmoja leo, mwingine baada ya miezi. Chini ya goti iko mitatu tu mikubwa. Mwenyewe haoni kitu, au anaona kidole kimoja kimekuwa cha buluu, au shavu la mguu linamuuma akipanda mlima na kutulia akisimama. Siku mfuko wenyewe ukizibwa na bonge la damu iliyoganda, damu inatafuta njia ya pembeni na haiipati, kwa kuwa njia hizo zilishazibwa zamani. Hapo mguu unaanza kufa.

Haya yote ni ya wazee. Kijana wa miaka 25 mwenye uvimbe unaodunda ni habari nyingine. Huenda alichomwa kisu, alipigwa risasi, alivunjika mfupa katika ajali ya boda, au alidungwa sindano kinenani. Ateri ikitoboka, damu hujichimbia shimo kwenye nyama na kudunda humo: hiyo ni aneurizimu bandia, haina ukuta wa mshipa. Au kuna vijidudu vilivyoula ukuta wa ateri, salmonela kwa mfano, au vilivyotoka kwenye kilango cha moyo kilichoambukizwa, au kifua kikuu. Madaktari wa Afrika Kusini na Zimbabwe wameeleza pia vijana wanaoishi na VVU wanaopata aneurizimu kadhaa kwa pamoja, hasa shingoni na pajani. Bandia ndogo iliyotokana na sindano inaweza kujifunga yenyewe, au kufungwa kwa kubonyezwa chini ya altrasaundi, au kwa kudungwa thrombini, dawa inayogandisha damu ndani ya shimo. Yenye maambukizi haifai kuwekewa kitu cha plastiki wala cha chuma, kwani vijidudu hung'ang'ania hapo. Hiyo hukatwa, ikasafishwa, na antibayotiki ikatumika kwa wiki nyingi.

Na tafadhali, uvimbe wa kinena au wa nyuma ya goti usipasuliwe kama jipu kabla mtu hajaushika kuhisi kama unadunda. Niliwahi kupokea kijana aliyechanwa kwa wembe na mtu wa kijijini kwao. Alifika hai kwa sababu kaka yake aliweka ngumi juu ya tundu na hakuiondoa tangu nyumbani hadi mezani kwetu.

Vipimo: kipi kwanza?

Mkono ni bure na haudanganyi sana pale uvimbe ni mkubwa. Lakini mdogo hupita bila kuhisiwa, hasa kwa mtu mnene, na mfuko ulioziba kabisa haudundi; unakuwa kibonge kigumu tu, na mtu akaambiwa ana uvimbe wa nyama. Kifaa kingine rahisi ni kipima shinikizo la damu pamoja na Dopla ndogo ya mkononi, kifaa kinachosikiliza damu ikipita mshipani. Hupimwa shinikizo la kifundo cha mguu, kisha likagawanywa kwa lile la mkono. Likiwa chini ya 0.9, damu haifiki vizuri chini. Kipimo hicho hakikuonyeshi aneurizimu, ila kinakuambia mguu umeshaathirika kiasi gani, na wauguzi wetu wengi wangeweza kukifanya kama mtu angewanunulia Dopla.

Altrasaundi ndicho kipimo cha kwanza kwa kila mtu, sioni mjadala hapo. Haina mionzi, haiumi, inapatikana hospitali za rufaa za mikoa na kliniki nyingi za mjini. Kwa dakika chache inatenganisha maji ya goti, ambayo ni mfuko mweusi usio na mtiririko, na ateri iliyotuna, na vena iliyoziba kwa damu. Tatizo letu ni kwamba mashine nyingi zilinunuliwa kwa ajili ya wajawazito. Kwa mguu inahitajika proba bapa (kile kichwa cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi) ya mishipa ya karibu na ngozi, na Dopla ya rangi, inayoonyesha mtiririko wa damu kwenye skrini. Piga simu uulize kabla ya kupanda boda. Kisha uombe ripoti iliyokamilika: upana kwa milimita, ukipimwa kutoka ukuta wa nje hadi ukuta wa nje, bonge lililomo linajaza kiasi gani, mishipa mingapi kati ya ile mitatu ya chini bado inapitisha damu, goti la pili likoje, na tumbo likoje. Karatasi iliyoandikwa tu "aneurizimu imeonekana" itakurudisha kulipa tena.

Ya shemeji ilisomeka hivi: kushoto milimita 28, bonge limejaza zaidi ya nusu, mishipa miwili ya chini iko wazi na mmoja umeziba. Kulia milimita 17, hakuna bonge. Tumbo salama. Karatasi hiyo moja ilitufaa kuliko miezi saba ya sindano.

CT skani, picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, yenye dawa ya kung'arisha mishipa humpa mpasuaji ramani nzima, kutoka tumboni hadi kwenye unyayo: wapi mfuko unaanzia, wapi unaishia, wapi pa kushonea. Inachukua dakika chache na inafaa sana kabla ya upasuaji. Lakini ina mionzi, na dawa yake inaweza kuumiza figo ambazo tayari ni dhaifu, kwa hiyo kipimo cha damu cha figo hutangulia. Anayetumia metfomini ya kisukari aseme mapema, kwa kuwa figo zikiwa dhaifu huambiwa aisimamishe siku chache. Anywe maji ya kutosha pia. Shemeji alitaka kuifanya akiwa amefunga. Dada yangu alimwambia mgonjwa ana ruhusa yake, na siku italipwa. Akanywa.

Kosa ninaloliona ni watu kukimbilia CT kwanza kwa sababu ni ya bei kubwa na inaonekana ya kitaalamu zaidi. Ikiwa uvimbe ni mdogo na utaangaliwa tu, CT haina kazi; umeuza mbuzi bure. MRI, picha ya kutumia sumaku, inaonyesha vizuri bila mionzi, lakini ni ya foleni, ni ghali, na aliye na kifaa fulani cha chuma mwilini anaweza kukataliwa. Kwa goti la mzee sijaona sababu ya kuitafuta pale CT inapowezekana.

Picha ya katheta ndiyo iliyokuwa kipimo kikuu zamani: mrija mwembamba huingizwa kinenani, dawa ikamwagwa, picha zikapigwa. Jambo la kushangaza, inaweza kuikosa aneurizimu. Dawa hupita katikati tu, pale damu inapotiririka, na bonge lililotandikwa ukutani halionekani. Mfuko wa milimita 30 ukapigwa picha kama mshipa wa kawaida. Thamani yake ni kwamba humo humo matibabu yanaweza kufanyika. Kwa hiyo uikubali pale timu imeshaamua kutibu kwa njia hiyo, au mishipa ya chini haikuonekana vizuri kwenye CT. Uganda ina chumba cha katheta katika Taasisi ya Moyo, ndani ya eneo la Mulago.

Kungoja au kutibu

Mpaka unaotumiwa na wengi ni sentimita 2. Mwongozo wa chama cha wapasuaji wa mishipa cha Marekani unashauri uvimbe wa kiasi hicho na zaidi utibiwe hata kama hauumi, ila kwa mtu dhaifu sana unaweza kungojewa hadi sentimita 3. Chini ya sentimita 2 huangaliwa kwa altrasaundi kila mwaka, isipokuwa kama kuna bonge ndani na dalili kwamba vipande vimeanza kushuka. Uvimbe ulioanza kuleta shida hautafutiwi kipimo cha rula: hutibiwa.

Mimi binafsi naliangalia bonge kwanza na upana baadaye. Milimita 22 safi, isiyo na kitu ndani, kwa mzee wa miaka 84 mwenye moyo uliochoka, inaweza kukaa. Milimita 18 iliyojaa matope na kidole kimeshabadilika rangi haifai kukaa. Wapasuaji niliofanya nao kazi walikuwa na mwelekeo huo huo, ingawa kila mmoja alikuwa na rula yake kichwani.

Kungoja nako kuna kazi zake. Sigara iachwe yote, hata ile moja ya baada ya chai. Shinikizo la damu lidhibitiwe. Kwa kawaida daktari huongeza aspirini kidogo na dawa ya kushusha mafuta ya damu, kwa kuwa mwenye ateri mbovu gotini ana ateri mbovu moyoni pia, na wengi huchukuliwa na moyo kabla ya mguu. Na lazima kila mtu nyumbani ajue dalili za hatari. Kama mgonjwa anakaa mahali ambapo mvua ikinyesha gari halipiti, hilo liingie kwenye hesabu: kungoja kunamfaa zaidi anayeweza kufika hospitali upesi mambo yakiharibika.

Kisu

Desemba 1785, jijini London, John Hunter alimfunga mwendesha gari la farasi wa miaka 45 ateri ya paja, juu ya uvimbe wa nyuma ya goti. Hakuukata uvimbe, aliacha mishipa midogo ya pembeni ichukue kazi. Mtu yule alitoka hospitalini kwa miguu yake, akaishi mwaka mmoja na zaidi kidogo hadi homa ilipomchukua. Kabla ya hapo tiba ya kawaida ilikuwa kukata mguu. Nilimsimulia shemeji, akacheka: "Kumbe ni ugonjwa wa madereva tangu zamani!" Si kweli kwamba usukani ndio unaouleta, lakini nilimwachia.

Siku hizi kufunga tu hakutoshi, ila katika maambukizi mabaya. Mpasuaji huondoa uvimbe kwenye njia ya damu na kuweka njia mpya, kama ile barabara ya mchepuo ya kaskazini ya Kampala inayomwezesha mtu wa Bweyogerere kufika Busega bila kuingia mjini. Kitu bora cha kutengenezea njia hiyo ni vena ya mgonjwa mwenyewe, ile ndefu inayopita ndani ya mguu na paja. Vena ina vilango vinavyoruhusu damu iende upande mmoja tu, kwa hiyo huigeuza juu chini kabla ya kuishona. Kama vena hiyo imeshachukuliwa, ni nyembamba mno au imejaa mafundo, hutumika mrija wa plastiki. Huo huziba mapema zaidi, hasa ukishuka chini ya goti, na ukipata vijidudu ni balaa.

Mlango wa kuingilia ni miwili. Upande wa ndani wa mguu, mgonjwa amelala chali: mpasuaji anaona mbali, anafika mishipa ya chini, na vena ya kuvuna iko pale pale. Ubaya ni kwamba mfuko wa zamani hufungwa juu na chini na kuachwa ndani, na vijimishipa vya pembeni vinaweza kuendelea kuulisha, ukakua tena na kubana. Upande wa nyuma, mgonjwa amelala kifudifudi: mfuko unafunguliwa, vijimishipa vinashonwa kutoka ndani, kiraka kifupi kinawekwa. Kazi inakwisha kweli. Lakini neva kubwa imepita hapo, na uvimbe uliopanda juu pajani haufikiwi vizuri. Kwa mfuko mfupi uliokaa sawasawa nyuma ya goti, au mkubwa unaobana vena na neva, mlango wa nyuma unavutia. Muulize mpasuaji anatumia upi na kwa nini. Jibu lake litakuonyesha kama ameikodolea macho CT yako.

Gharama ya kisu mwilini ni halisi. Usingizi wa dawa au sindano ya mgongo, siku kadhaa wodini, kidonda kirefu, mguu unaovimba kwa wiki au miezi, hatari ya moyo kwa mzee, ganzi kwenye ngozi ambayo wengine hawapoi nayo. Baada ya hapo altrasaundi katika miezi ya 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, kwa kuwa vena iliyopandikizwa inaweza kusinyaa mahali fulani, na ikigunduliwa mapema hurekebishwa.

Stenti

Stenti ya ugonjwa huu si ile ya wavu mtupu ya moyo. Ni mrija wa kitambaa cha plastiki uliofumwa juu ya chuma kinachopindika, unaopitishwa kutoka kinenani na kufunguliwa ndani ya mfuko, damu ikapita katikati yake. Tundu moja, ganzi ya mahali, kesho au keshokutwa mtu yuko nyumbani. Ndiyo maana inapendwa, na kwa mzee ambaye moyo au mapafu hayatastahimili usingizi huenda ndiyo njia pekee yenye akili.

Inataka masharti. Kuwe na sehemu nzima ya ateri, kama sentimita 2 hivi, juu na chini ya mfuko, ambapo itashika. Kuwe na mshipa wa chini ulio wazi, na ikiwa miwili au mitatu ndiyo vizuri zaidi. Na goti lisikunjwe sana. Sharti hili la mwisho lilitukalisha chini na shemeji kwa usiku mzima. Kila goti linapokunjwa kabisa, stenti inapindwa. Chuma kinaweza kukatika, hasa pale stenti mbili zimepishana, na damu ikaganda humo. Wapasuaji wengi huhesabu kazi ya kupiga magoti au kuchuchumaa kuwa sababu ya kutoichagua. Sasa fikiria mtu wa kwetu: choo cha kuchuchumaa, kupalilia mihogo, sala tano kwa siku pamoja na kikao chake cha tahiyatu. Anaweza kusali kwenye kiti, na choo cha kukalia kinajengwa, lakini ni yeye wa kusema kama ataishi hivyo. Wazungu waliotengeneza kifaa hawakuwa na choo chetu akilini.

Halafu dawa. Baada ya stenti, kwa kawaida hutolewa aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, kwa pamoja kwa muda, kisha moja ya hizo maishani. Kuacha kiholela ni kuita bonge. Nenda kwenye duka la dawa la mji wako kabla ya kusafiri, uone kama wanazo kila mwezi. Na kama damu itaendelea kuvuja kati ya stenti na ukuta wa mfuko, au stenti ikiziba, marekebisho yake yanarudi kwenye chumba cha katheta. Hiyo kwetu ni safari ya karibu kilomita 500, kupita Pakwach na Karuma.

Ushahidi unasemaje? Jaribio dogo la Italia lililochapishwa 2005, la aneurizimu 30 tu zisizo na dalili, halikuona tofauti ya maana katika kubaki wazi kwa mshipa, na wa stenti walikaa hospitali siku chache kuliko waliopasuliwa. Rejista ya kitaifa ya Sweden iliyochapishwa 2015 ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi. Humo kisu kilishinda, na kilishinda wazi zaidi kwa waliokuja mguu umeshaziba ghafla. Nilivyosoma mimi: mwenye nguvu, mwenye vena nzuri, anayetarajia miaka mitano na zaidi ya kuishi, apasuliwe. Mdhaifu, asiye na vena, mwenye mishipa mizuri ya chini na anayekaa karibu na kituo, stenti inamfaa.

Mguu ukipoa ghafla

Hapa hakuna kulinganisha nyumbani. Maumivu makali ya ghafla, mguu umepauka, umekuwa wa baridi kuliko mwenzake, hauna mdundo, ganzi inaingia, vidole havitii. Misuli na neva bila damu kabisa huanza kuharibika moja kwa moja baada ya muda wa kama saa 6. Usikandwe kwa maji ya moto, usisuguliwe samli, usiinuliwe juu ya mto; uache chini kidogo, umefunikwa, na safari ianze. Kituo cha kwanza chenye daktari kikiweza, kianzishe heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, baada ya kuzungumza na hospitali ya rufaa; dawa hiyo haizibui mshipa lakini inazuia bonge lisirefuke njiani.

Huko mbele mambo ni matatu. Mguu ambao bado unahisi na kusogea unaweza kuwekewa katheta na dawa ya kuyeyusha bonge kwa saa nyingi, hadi siku nzima, ili mishipa ya chini ifunguke kwanza na mchepuo upate pa kushonewa. Hatari yake ni kutokwa damu, hata kichwani, na inahitaji uangalizi wa karibu usiku kucha. Mguu ambao ganzi imepanda na vidole vimelegea hauna muda huo, hupelekwa thieta moja kwa moja, na mara nyingi misuli ya chini hufunguliwa kwa mipasuo mirefu isijisonge inapovimba. Mguu uliokufa, misuli imekakamaa, Dopla haisikii ateri wala vena, hukatwa.

Hilo la mwisho ndilo ndugu hugombana nalo koridoni. "Jaribuni kwanza, mkishindwa ndipo mkate." Nimelisikia mara nyingi, kwa Kiswahili, Kilugbara na Kinubi. Lakini damu ikirudishwa kwenye misuli iliyokufa, huchukua potasiamu na takataka za misuli hiyo hadi moyoni na kwenye figo. Moyo unaweza kusimama mezani. Daktari anayekataa kujaribu mguu wa namna hiyo hajamkatia tamaa mgonjwa.

Shemeji alichagua kisu, mlango wa ndani, vena yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 66, moyo mzima, na alisema wazi kuwa hataacha kusujudu kwa ajili ya chuma. Mguu ulimvimba miezi miwili, akalalamika kila siku, akamchosha dada yangu. Rafiki yake wa Kampala, mwenye miaka 79 na mapafu ya sigara, aliwekewa stenti mwaka huo huo na akarudi kwake Kawempe siku ya pili. Anameza vidonge vyake na anasali akiwa kwenye kiti cha plastiki. Wakipigiana simu kila mmoja humcheka mwenzake.

Goti la kulia bado tunalingoja. Mara ya mwisho lilikuwa milimita 18, na bado halina bonge. Altrasaundi inayofuata ni baada ya Idi, hapa hapa Arua, na nimeshampigia mtu wa mashine kuhakikisha proba bapa haijaharibika.